Jinsi ya Kufungua Bustani ya Mtindo wa Kifaransa kwa Wageni kwa Ajili ya Hisani

Mwaka 1927, bustani 609 za watu binafsi zilifungua milango yao nchini Uingereza na Wales kwa kiingilio cha shilingi moja, na zaidi ya pauni 8,000 zikapatikana kwa ajili ya wauguzi waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa majumbani. Wazo lilikuwa la Elsie Wagg, mjumbe wa baraza la taasisi iliyowasimamia wauguzi hao, na mpango uliotokana nalo, National Garden Scheme, ungali hai, ukiwa na bustani zaidi ya 3,000 na ukichangia mashirika yanayohudumia wagonjwa kama Macmillan Cancer Support na Marie Curie. Mwongozo huu ni kwa mwenye bustani aliyeko huko anayetaka kujiunga, hasa yule ambaye bustani yake imefuata mtindo wa Kifaransa wa ua mfupi (yaani uzio wa mimea) wa buxus, kichaka chenye majani madogo yasiyopukutika mwaka mzima, njia za kokoto zilizonyooka na kidimbwi katikati.

Omba mapema, ikiwezekana zaidi ya mwaka mmoja kabla, kwa sababu mratibu wa mpango katika kaunti yako au msaidizi wake atataka kuiona bustani yako katika msimu wake mzuri, na orodha ya bustani huchapishwa mwanzoni mwa mwaka katika kitabu kinachojulikana kwa jalada lake la manjano. Bustani ikiwa ndogo, ungana na majirani mfungue pamoja kwa tiketi moja. Mpango una bima ya kumlinda mwenye bustani iwapo mgeni ataumia; hata hivyo, ijulishe pia kampuni iliyokatia bima nyumba yako.

Kuhusu tarehe, mimi huchagua mwisho wa Juni bila kusita. Kwa desturi, wakulima wa bustani wa Uingereza hupogoa buxus mwanzoni mwa Juni, hatari ya baridi kali ikishapita, na baada ya wiki tatu makovu ya mkasi huwa yamefifia huku lavenda ikianza kuchanua.

Kazi kubwa ni mistari. Bustani yenye maua mengi yaliyochanganyika husitiri makosa ya mwenyewe, lakini ya mtindo wa Kifaransa haisitiri chochote: uzuri wake wote uko katika unyoofu, na ua uliopinda kwa upana wa vidole viwili huonekana kutoka mbali. André Le Nôtre, mbunifu wa bustani wa Ufaransa wa karne ya 17, alipopanga bustani za kasri la Vaux-le-Vicomte na baadaye la Versailles, alikusudia bustani itazamwe kwanza kutoka kwenye nyumba yenyewe. Nawe kabla ya kushika mkasi panda ghorofani, simama dirishani, uandike kila mahali jicho linapokwama. Kisha piga vigingi viwili, vuta uzi kati yake kama fundi mwashi anayepanga tofali, na upogoe ukifuata uzi badala ya kutegemea jicho. Chagua siku ya mawingu, kwa kuwa jua kali huunguza majani yaliyotoka kukatwa, na tandika turubai chini ili mabaki yasizame kwenye kokoto. Kuyaokota moja moja baadaye ni adhabu.

Unapopogoa, fungua matawi utazame ndani. Ukiona utando na viwavi vya kijani vyenye vichwa vyeusi, huyo ni nondo wa buxus, mdudu aliyegunduliwa Uingereza mwaka 2007, naye aweza kuumaliza ua kwa msimu mmoja. Majani yenye madoa ya kahawia yanayopukutika na vijiti vyenye michirizi myeusi huashiria ugonjwa wa ukungu. Safisha mkasi kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kuhamia ua mwingine, na usiuze miche ya buxus siku ya wageni hata ikiwa mizuri, kwani mgeni aliyekuja kuchangia wagonjwa hastahili kurudi nyumbani na ugonjwa wa ua.

Fikiria pia miguu ya wageni. Kwenye pembe za matuta watu hukata kona, na asubuhi moja inatosha kuvunja matawi ya chini ambayo yatachukua miaka kurudi. Weka chungu kizito cha udongo kwenye kila pembe, nao watazunguka bila kuambiwa. Kokoto nene huzamisha magurudumu ya kiti cha mlemavu, kwa hiyo punguza unene kwenye njia kuu, na mahali usipoweza, eleza wazi katika maelezo ya bustani ili mtu asisafiri bure. Kidimbwi kisichokuwa na ukingo kiwekewe mtu wa kukaa karibu siku nzima, kwa kuwa maji yaliyotulia huwavuta watoto.

Usidharau chai na keki, maana mara nyingi huleta fedha nyingi kuliko ulivyotarajia, na mgeni aliyeketi hununua pia mche. Ziandalie meza mahali panapotazama mstari mkuu wa bustani. Andika viungo vya kila keki, ukionyesha vile 14 ambavyo sheria ya Uingereza inavitambua kuwa huwadhuru wenye mzio, vikiwemo karanga, maziwa, mayai na ufuta. Getini weka watu wawili, mmoja wa fedha na mmoja wa kukaribisha, wote wakiwa na sarafu za chenji na kifaa cha kupokea kadi. Lango la gari liwe na mtu wake wa kuelekeza maegesho, kwani majirani ndio wanaobeba usumbufu. Wapelekee taarifa wiki mbili kabla, pamoja na mwaliko.

Wageni wakishaondoka, fedha zihesabiwe na watu wawili, kiasi kiandikwe na wote watie sahihi, kisha ziwasilishwe kwa mpango haraka. Pitisha reki kwenye kokoto jioni ileile kabla mvua haijazishindilia, mwagilia pembe zilizokanyagwa, na uandike kwenye daftari idadi ya wageni, keki zilizoisha kwanza, na saa ambayo foleni ya getini ilikuwa ndefu kuliko zote.