Jinsi ya kuanza na mikusanyiko ya biti na garaji ya Uingereza ukiwa Mtwara au Lindi

Kama wewe ni mtu wa zilipendwa za gitaa, yaani ukisikia NUTA Jazz au Morogoro Jazz unaacha ulichokuwa unafanya, basi kuna mzigo mwingine wa miaka hiyohiyo ambao huku Kusini naona wachache sana wanaugusa. Naongelea bendi ndogondogo za roki za Uingereza, muziki unaoitwa biti na garaji, kuanzia kama 1963 mpaka 1968. Sio Beatles wala Rolling Stones, hao kila mtu anawajua. Hawa ni vijana waliorekodi singo moja au mbili, haikuuza, bendi ikavunjika, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Huwezi kuwatafuta kwa albamu zao maana wengi hawana albamu, wanapatikana kwenye albamu za mkusanyiko tu, na mikusanyiko yenyewe ni mingi mpaka mtu anachoka kabla hajaanza.

Kwahiyo la kwanza, na kwangu ndio kubwa kuliko yote: usifuate bendi, fuata mkusanyaji. Bendi ya singo moja inaisha ndani ya dakika tatu alafu huna pa kwenda, ila yule mtu aliyekaa akapekua masanduku ya santuri kuukuu mpaka akaichagua ana sikio, na sikio lake likipatana na lako ana nyimbo nyingine kibao za kukupa. Ni vilevile kama ule mfululizo wa CD za muziki wa Zanzibar na pwani, Zanzibara, wa lebo ya Buda Musique kule Ufaransa, ukishamwamini mkusanyaji wake Werner Graebner kwenye moja unazitafuta na zingine.

Majina ya kushika ni haya. Lenny Kaye, Mmarekani, alitoa Nuggets mwaka 1972 kupitia lebo ya Elektra, LP mbili zenye nyimbo 27, baadae akawa mpiga gitaa wa Patti Smith. Nyimbo zile ni za Marekani ila yeye ndiye aliyefungua njia. Akaja Greg Shaw na Pebbles kuanzia 1978, Wamarekani tena kwa sehemu kubwa, alafu upande wake huohuo ukazaa English Freakbeat kwa ajili ya Waingereza. Na Phil Smee, huyu ndio mtu wangu, kupitia lebo yake ya Bam-Caruso alianza mfululizo wa Rubble mwaka 1984 ukafika juzuu 20, na hilo jina la frikbiti tunaloita huu muziki wa gitaa linalokwaruza na dramu zinazokimbia linahesabiwa kuwa lake.

Mpangilio ninaoshauri: anza na Nuggets II ya lebo ya Rhino, ya 2001. Ni CD 4, nyimbo 109, na humo kuna The Creation, ambao mpiga gitaa wao Eddie Phillips alikuwa analisugua gitaa kwa upinde wa fidla mwaka 1966, sikiliza Making Time utaelewa nasema nini. Usiimeze yote kwa mara moja. Chukua CD moja, isikilize wiki nzima unapoenda kazini, weka alama kwenye nyimbo zilizokushika, ndio uende ya pili. Ujue pia kwamba sio Waingereza watupu, mle kuna mpaka Os Mutantes wa Brazil. Ukimaliza hapo nenda Rubble, huko ndio kuna vitu vya ndani kabisa, na ukikuta juzuu haikugusi iruke tu.

Baada ya hapo tafuta chochote chenye jina la Joe Meek, na hapa naomba utulie kidogo. Huyu alikuwa prodyuza aliyerekodia kwenye fleti, namba 304 Holloway Road, London, juu ya duka la bidhaa za ngozi, waimbaji wengine akiwaweka bafuni ili kupata mwangwi. Wimbo wake Telstar wa bendi ya The Tornados ulitoka 1962 ukashika namba moja mpaka Marekani. Mwaka 1965 akawarekodi The Syndicats, Crawdaddy Simone, gitaa la Ray Fenwick mle ndani linapiga kelele kama limekanyagwa mkia, sijasikia kitu kikali hivyo cha mwaka ule. Meek alifariki Februari 1967 akaacha masanduku ya kanda, zaidi ya 1,800, zikakaa miaka na miaka hazijatoka, mpaka 2020 kampuni ya Cherry Red ilipozinunua. Mikusanyiko inayotoka kwenye kanda zile ndio ya kufuatilia sasahivi, maana sauti inatoka kwenye kanda yenyewe na sio kwenye santuri iliyochakaa.

Suala la bando. Wimbo wa dakika mbili na nusu kwa MP3 ya ubora wa 320 kbps ni kama MB 6, kwahiyo Nuggets II nzima inazidi MB 650. Shusha usiku kwa bando la usiku, weka kwenye memori kadi, mchana sikiliza bila data. Ukiwa YouTube punguza picha mpaka 144p, picha yenyewe ni kava tu limesimama, unalipia nini? Tena mara nyingi mkusanyiko kwenye programu za muziki unakuta nyimbo zimetoboka katikati, kwasababu kila wimbo una mwenye haki wake. Fungua Discogs, ile tovuti yenye orodha za santuri na CD, chukua orodha ya nyimbo, tafuta bendi moja moja ujenge mwenyewe kwa mpangilio uleule, maana mpangilio ni kazi ya mkusanyaji.

Hapo kwenye kutafuta angalia majina. The Birds, ile bendi ya kwanza ya Ronnie Wood, sio The Byrds wa Marekani. Kuna Nirvana ya London ya miaka ya 60, sio ile maarufu ya Marekani, na Kaleidoscope zipo mbili, ya Uingereza na ya Marekani, na programu zinazichanganya kwenye ukurasa mmoja. Angalia mwaka na lebo, ukiona Decca, Pye, Fontana, Parlophone au Columbia, zile za Uingereza, na mwaka wa 1965, uko salama.

Na ukiona mkusanyiko wa bei chee unaishia 1962 usishangae. Uingereza iliongeza ulinzi wa hakimiliki za rekodi kutoka miaka 50 mpaka 70 mwaka 2013, zilizotoka kabla ya 1963 haki zake zilikuwa zimeshaisha, za baadae bado zina wenyewe. Kwahiyo mkusanyiko mzuri wa 1966 utaulipia, na ni haki.

Sauti: chagua mono, yaani sauti yote inatoka kwa njia moja, sio kulia na kushoto kama stereo. Singo zile zilimiksiwa kwa mono na ndivyo wenyewe walivyotaka zisikike, zile zilizogeuzwa stereo baadae nyingi zimepoa. Kwetu hii ni neema kabisa, kaspika kamoja ka bluetooth barazani Shangani au Mikindani hakakupotezei kitu. Ila shusha besi, sabufa zetu zimetegwa kwa singeli zitalifunika gitaa lote.

Kama utaagiza CD au santuri zenyewe, unyevu wa pwani hii hauna huruma, kava linaota ukungu. Zisimamishe wima, usizilaze wala kuziweka karibu na dirisha lenye jua, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka humo.

Ukishakuwa na nyimbo kama 20 unazozipenda kweli, tengeneza mkusanyiko wako. Kwenye jina la kila faili andika bendi, mwaka, lebo na prodyuza, weka ngumu tatu mwanzoni, laini katikati, alafu mtumie mtu mmoja wa zilipendwa unayemjua ana sikio.