Kabla ya kubinua ndege kwa Split S: namba za kuthibitisha kileleni

Kwenye Split S rubani hubinua ndege tumbo juu, kisha huvuta usukani ishuke nusu duara na kutoka chini ikielekea ilikotoka. Pua ikishatazama ardhi, hakuna tena nafasi ya kubadili mawazo. Kwa hiyo kazi yote ya usalama inafanyika kileleni, kabla ya kubinua.

Anza na altimita, kipimo cha urefu, ukiwa bado chini. Kama inasoma kutoka usawa wa bahari, jumlisha mwinuko wa uwanja ule ule unaorukia. Ukitaka futi 2,500 juu ya ardhi pale Mountain Home, Idaho, ambapo uwanja uko karibu futi 3,000, sindano isome 5,500. Mwaka 2003 rubani wa Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Anga la Marekani, alitumia hesabu ya kituo chao cha Nellis, kilicho chini zaidi kwa takriban futi 1,100. Alibinua akiwa futi 1,670 tu juu ya ardhi. Alijirusha nje kwa kiti cha dharura, akapona kwa chini ya sekunde moja.

Pili, zima moto wa ziada wa injini (afterburner), unaoongeza msukumo, wakati ungali unapanda, kisha soma mwendo. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tarehe 2 Juni 2016, Kapteni Jeff Kuss wa Blue Angels, kikosi cha maonyesho cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, alifariki huko Smyrna, Tennessee, katika mazoezi ya maonyesho kwa ndege ya kivita F/A-18C. Uchunguzi ulikuta moto ule haukuzimwa. Alianza akiwa futi 3,196 badala ya 3,500, kwa noti (maili za baharini kwa saa) 184 badala ya 125 hadi 135. Futi 300 zilizopungua zinaonekana ndizo kosa kubwa, lakini mwendo ulikula nafasi zaidi: kwa mvuto ule ule wa G (nguvu inayomkandamiza rubani kitini anapovuta), upana wa duara hufuata mraba wa mwendo. Kutoka noti 130 hadi 184, duara linakuwa mara mbili.

Tamka urefu na mwendo redioni, na msaidizi wa ardhini azirudie. Namba moja ikikosekana, usibinue: nyoosha mabawa, pita, ruka zoezi hilo. Usijaribu kufidia kwa kuvuta zaidi. Ndege yenye mwendo mdogo itapoteza hewa juu ya mabawa na kuzidi kudidimia.

Wala usikitegemee kiti cha kujirusha. Kile kinachookoa hata ndege ikiwa imesimama ardhini huhitaji urefu wa ziada ndege inapoporomoka, kwa sababu wewe na kiti mnashuka kwa mwendo wake.