Filta ya maji ya kubeba mgongoni: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka Kigoma

Kabla ya kuuliza filta ina gramu ngapi, jiulize utachota wapi. Mtu anayetembea na begi lake mkoani Kigoma hukutana na maji ya aina tatu. Kuna Ziwa Tanganyika, ambalo ni angavu hata ukiona mawe ya chini, ila ufukwe wake una vijiji, vyoo na mialo ya dagaa. Kuna vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Mahale, baridi na safi kwa macho, vinavyopita katikati ya msitu wenye nyani, nguruwe pori na sokwe. Halafu kuna mto Malagarasi na mito inayoingia humo, yenye tope zito hasa masika. Filta inayokufaa kwenye kijito cha Mahale inaweza kukushinda Malagarasi kabla hujajaza chupa ya pili.

Filta nyingi nyepesi ni furushi la nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani, na kuta zake zina vitundu vya mikroni 0.1 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wa kipindupindu ana upana wa karibu nusu mikroni, kwa hiyo hapiti. Giardia, kimelea cha kuhara cha mikroni 8 hadi 12, hakipiti, wala Cryptosporidium, kimelea kingine cha kuhara cha mikroni 4 hadi 6. Virusi ndivyo vinavyopita: cha homa ya ini A kina kama mikroni 0.03, na cha rota, kinachoharisha watoto, kama 0.07. Filta hizi hutumika sana kwenye milima ya Ulaya na Marekani ambako juu ya kijito hakuna kijiji, ndiyo maana maelezo ya boksi hayahangaiki na virusi. Wewe hangaika navyo. Popote palipo na watu upande wa juu wa maji, au ufukweni karibu na kijiji, chuja kwanza kisha tia klorini. Usigeuze mpangilio huo, kwa sababu tope na uchafu hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Klorini peke yake nayo haitoshi, maana Cryptosporidium huistahimili.

Kwenye klorini kuna jambo la ziwa hili ambalo wengi hawalijui. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya karibu 9, na klorini hupungua makali kadiri pH inavyopanda juu ya 8. Dakika 30 zilizoandikwa kwenye pakiti zimekusudiwa maji ya kawaida. Kwa maji ya ziwa subiri saa nzima, na maji ya kunywa asubuhi yatie dawa jioni. Angalia pia kidonge kimepimwa kwa lita ngapi. Vingi vya madukani ni vya dumu la lita 20, na ukivivunja vipande kwa ajili ya chupa ya lita moja hutajua umeweka kiasi gani. Tafuta vya lita moja mapema, au panga kutia dawa kambini kwenye dumu lililojaa.

Sasa uzito wa filta nyepesi zinazojulikana. Sawyer Squeeze ina gramu kama 85, Sawyer Mini kama 57, na Katadyn BeFree pamoja na mfuko wake wa lita moja kama 63. Tofauti hiyo haifiki uzito wa yai moja, basi isikuamulie. Kinachoamua ni usafishaji. Sawyer husafishwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano. BeFree haisukumwi hivyo, huoshwa kwa kutikiswa ndani ya maji tu, na tope laini likishajikita ndani halitoki lote. Kwa Mahale peke yake BeFree ni nzuri na ina kasi. Kwa safari inayogusa Malagarasi tungechukua Squeeze, na Mini tungeiacha nyumbani: eneo lake la kuchujia ni dogo, huziba upesi, na mtu aliyechoka hukata tamaa akanywa maji bila kuchuja. Filta za mrija wa kunyonya hazikupi maji ya kupikia wala ya kubeba. Chupa za kukandamiza zinazozuia na virusi zipo, ila zina uzito wa karibu nusu kilo.

Jambo dogo linaloharibu safari nyingi ni uzi wa mdomo wa chupa, yaani mizunguko ya kufungia kifuniko. Squeeze imetengenezwa kwa uzi wa milimita 28, lakini chupa zetu za maji hazina mdomo mmoja. Nyingine ni fupi au pana kidogo, na filta hukaa upande ikavuja. Nenda dukani mjini Kigoma na filta mkononi, ujaribu chupa mbili tatu. BeFree inahitaji mdomo wa milimita 42, kwa hiyo mfuko wake ukipasuka hutapata mbadala kijijini Kalilani wala Uvinza. Mifuko hupasuka kwenye mshono karibu na shingo, kwa kawaida kwa sababu mtu anakamua kwa nguvu filta iliyoziba. Ukiona unatumia nguvu, simama uisafishe. Beba mfuko wa akiba na washa mbili za mpira, yaani pete za kuzuia kuvuja. Washa ikidondoka, maji machafu hupita pembeni mwa filta na kudondokea kwenye chupa yako safi, wala hutaona.

Maji ya tope usiyachuje moja kwa moja. Chota jioni kwenye ndoo ya kukunja, zungusha kipande cha shabu ndani yake kwa sekunde chache, acha yatulie usiku. Asubuhi mimina ya juu taratibu kupitia kitenge kilichokunjwa mara nne, ndipo uchuje. Safisha filta kinyumenyume kila siku, na ufanye hivyo kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, kamwe si ya mtoni.

Siku ya kufunga begi, ipime. Ilowanishe kabisa, kisha puliza kwa mdomo kupitia upande wa maji safi. Nyuzi nzima zilizolowa hazipitishi hewa kwa nguvu ya mapafu. Hewa ikipita kirahisi, zimekatika, na filta hiyo ni ya kutupa. Iliyoanguka kwenye mwamba ipime tena. Ukinunua ya mtumba kwa mtu aliyepanda nayo Kilimanjaro, ujue kwamba filta iliyolowa ikaganda barafu nyuzi zake hupasuka bila kuonyesha alama yoyote nje.

Wanaopitia Tabora waongeze hadhari moja. Filta hizi hazitoi kemikali. Kijito kinachotoka kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Urambo au Kaliua kinaweza kubeba dawa za kuua wadudu, na maji ya karibu na wachimbaji wadogo wa dhahabu yanaweza kuwa na zebaki. Kuchemsha hakusaidii, wala klorini. Hapo ni kubeba maji kutoka kwingine, lita nne kwa mtu kwa siku, na zaidi kama mtapika.

Mwisho ni uchotaji wenyewe. Mito ya Malagarasi na Ugalla ina mamba, basi usichuchumae ukingoni. Funga kamba ya mita tano kwenye chupa na uirushe ukiwa umesimama mbali. Ziwani, filta huzuia vijidudu vya kichocho visifike tumboni, lakini hivyo huingia kupitia ngozi ya mguu uliosimama majini, hasa penye magugu na konokono. Chota ukiwa ndani ya boti, mbali na ufukwe.