Somo: Kunoa sentensi moja ya hadithi kwa maoni ya watunzi wenzako

Naliandika mara moja ili wanaonitumia sentensi faraghani wakiuliza "hadithi yangu ni nzuri?" niwaelekeze huku. Uzuri wa riwaya siwezi kuupima kwa sentensi moja. Ninachoweza kuona ni kama ndani yake kuna hadithi.

1. Andika sentensi moja inayobeba hadithi yako yote, isizidi maneno 30. Jina la mhusika liache.

2. Tafuta watunzi watatu au wanne. Ndugu zako watakusifu tu.

3. Wape sentensi, kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Msomaji anauliza, "Kwa nini asikope kwa jirani?" Mtunzi anaeleza weee, msomaji anaelewa, wote wanaridhika, na sentensi imebaki vilevile. Tena huyo msomaji umeshampoteza, hawezi kuisoma kama mgeni. Andika maswali yao neno kwa neno. Mwombe kila mmoja akusimulie hadithi anayoitarajia. Akisimulia nyingine kabisa, USIMSAHIHISHE. Na dawa wanazokupa usizimeze haraka. Wakikwama watatu mahali pamoja, tatizo liko hapo, hata kama kila mmoja ana dawa yake.

Mfano, kwa ruhusa ya mwenyewe (Jambiani ni kijiji cha pwani, Unguja):

"Mama mkulima wa mwani Jambiani anapambana na maisha baada ya kufiwa na mumewe."

Wakauliza: anapambana na nani? Akishindwa, anapoteza nini? Mmoja anayeijua pwani ile akauliza analima mwani gani. Aina iitwayo kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo inayokufa maji yakipata joto. Kuiokoa ni kuipeleka maji ya kina, na wakulima wengi ni wanawake wasiojua kuogelea. Swali hilo ndilo lililoleta hii:

"Mjane wa Jambiani asiyejua kuogelea lazima ahamishie mwani wake maji ya kina kabla joto halijaua mbegu, la sivyo shemeji atachukua nyumba kufidia deni la marehemu."

4. Ukishaandika upya, tafuta wasomaji wapya.

MASWALI

Mtunzi_Mpya: Mkuu, yangu ina maneno 74, inaruhusiwa?

Jibu: Soma hatua ya 1.

Mtunzi_Mpya: Lakini hadithi yenyewe ni ndefu.

Jibu: Zote ni ndefu. Punguza, ulete.

Karafuu: Wakiniibia wazo je?

Jibu: Hakimiliki inalinda maandishi yako, wazo tupu hailindi. Ila wape watunzi kumi huyo mjane, utasoma hadithi kumi tofauti. Ukiogopa kuonyesha, maoni utayapata wapi?

Pwani_Kusini: Mwalimu, nimepata maoni yanayopingana. Mmoja anataka shemeji wa kwenye hadithi yangu ya mjane hapo juu awe katili zaidi, mwingine anasema nimtoe kabisa.

Jibu: Swali zuri sana hili. Wote wamekwama kwa shemeji, kwa hiyo anza naye. Yeye anataka nini? Tuseme alimdhamini kaka yake, na sasa mdai anamfuata yeye, naye ana watoto wa kulisha. Hapo ana haki yake na mjane ana haki yake, na mgogoro unakolea bila katili yeyote. Jaribu, kisha utuletee tuone.

Pwani_Kusini: Ahsante sana. Mimi huisoma kwa sauti kwanza. Nikikata pumzi katikati najua pa kupunguza.

Jibu: Hiyo naichukua. Ukimaliza, mpe mwingine naye aisome kwa sauti bila kuiona kabla, usikie anajikwaa neno gani.