Talaka imeshatoka, sasa zamu ya makaratasi

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Nimeuandika baada ya kumsindikiza dada mmoja wa Morogoro kwenye ofisi moja baada ya nyingine, na njiani nikagundua kwamba hakuna aliyemwambia aanzie wapi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Mambo ya Baraza la Usuluhishi na kesi yenyewe siyagusi, naamini umeshayapita.

Hatua ya 1: Nakala za mahakama

Mwandikie karani barua ya kuomba vitu viwili: nakala ya hukumu na nakala ya dikrii, zote zikiwa na muhuri wa kuthibitishwa. Wengi huondoka na hukumu peke yake kwa sababu ndiyo nene na ndiyo inayosimulia kila kitu. Afisa wa dirishani hana muda wa kusoma simulizi la ndoa yako. Anataka dikrii, yaani ile karatasi fupi inayosema nani kaamriwa nini. Chukua seti kadhaa kwa mkupuo mmoja, piga skani, ujitumie kwenye barua pepe, na halisi usimwachie mtu yeyote.

Kwa Waislamu: karatasi ya talaka aliyoandika mume, hata ikiwa na muhuri wa shehe, haitakufikisha mbali kwenye benki wala ardhi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 107(3), imeweka njia. Baraza likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha talaka ikatolewa Kiislamu, mahakama inatambua kuwa ndoa imevunjika na inatoa dikrii. Kachukue hiyo kwanza.

Hatua ya 2: Isome dikrii kabla hujatoka nje ya geti la mahakama

Hapa ndipo watu wanapopoteza miezi, kwa hiyo nivumilie.

Dikrii ya yule dada ilisema apewe "nyumba ya Kihonda". Basi. Namba ya kiwanja hakuna, kitalu hakuna, namba ya hati hakuna. Hakimu alijua ni nyumba ipi, wadaawa (mume na mke) wote walijua, hata majirani walijua. Msajili wa Hati hawezi kujua. Rejesta yake haina "nyumba ya Kihonda", ina viwanja vyenye namba. Akakataa, na alikuwa na haki ya kukataa.

Kwa hiyo kagua: kila nyumba na kiwanja vina namba ya kiwanja, kitalu, na namba ya hati kama ipo? Gari lina namba ya usajili? Akaunti imetajwa kwa benki na namba? Majina yenu yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, herufi kwa herufi? Ukiona kosa la uandishi, rudi kwa maombi ya masahihisho. Lakini elewa mpaka wake: mahakama itasahihisha jina lililokosewa au namba iliyoachwa huku ikiwa tayari imo kwenye ushahidi. Haitakuongezea mali ambayo haikuzungumzwa kwenye kesi. Hiyo ni rufaa, na rufaa ya mashauri ya ndoa ina siku 45 tangu uamuzi utolewe. Siku hizo ni za mwenzio pia, kwa hiyo usikimbilie kumuuzia mtu kiwanja ulichopewa jana.

Kama eneo halijapimwa, maelezo yatosheleze kwa njia nyingine: mtaa, majirani wa pande zote nne, mkataba wa mauziano wa mwanzo. Kisha nakala moja mpelekee mtendaji wa mtaa aiweke kwenye faili. Siku mnunuzi akija kuuliza, hiyo ndiyo ofisi atakayoanzia.

Hatua ya 3: RITA

Sajili talaka kwa wakala huyu wa serikali wa usajili, upate cheti cha talaka. Nenda na dikrii na cheti cha ndoa.

Hatua ya 4: Jina

Kama hukubadilisha jina ulipoolewa, ruka. Kama ulibeba jina la mume na unataka kurudi kwa la baba, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Baada ya hapo NIDA kwanza, ndipo TIN, benki, pasipoti. Usipindue mpangilio huu. Mifumo ya ofisi nyingine inavuta taarifa zako kutoka NIDA, na ukianzia benki watakurudisha huko huko. Ile namba yenye tarakimu 20 haibadiliki, kinachobadilika ni jina lililo nyuma yake.

Hatua ya 5: Laini ya simu, kabla ya benki

Hii hawakuambii popote. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Nimekutana na akina mama wanaotumia laini ya mume tangu siku za uchumba, hela ya biashara yote imo humo. Kwa sheria za simu, hiyo laini ni ya yule ambaye alama zake za vidole ziko kwenye mfumo. Toa salio, sajili laini yako, hamisha wateja. Na kama kuna laini anayoitumia yeye kwa kitambulisho chako, kaifute dukani. Akifanya nayo utapeli, polisi watakuja kwako.

Hatua ya 6: Benki, SACCOS, vikoba

Akaunti ya pamoja ifungwe au ibadilishwe watia saini, kwa barua ya kupokelewa na kugongwa muhuri, si kwa maneno ya kaunta. Badilisha jina la mrithi kila mahali, pamoja na kikoba. Kuhusu mkopo usijidanganye: dikrii inawafunga ninyi wawili, haimfungi mkopeshaji. Kama ulisaini au ulimdhamini, bado unadaiwa mpaka mkopeshaji mwenyewe akuachie kwa maandishi.

Hatua ya 7: Kuhamisha hati ya nyumba

Kwa kiwanja chenye hati miliki utakutana na fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na TRA. Kama hati iko benki kwa dhamana ya mkopo, simama hapo kwanza, bila ridhaa ya benki huendi mbele.

TRA kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa nafuu mtu anayemhamishia mali mwenzi wake wa zamani kama sehemu ya makubaliano ya talaka: mali huhesabiwa kwa gharama yake ile ile ya awali, kwa hiyo hakuna faida ya kutoza kodi wakati huo. Ila lazima nafuu hiyo ichaguliwe kwa maandishi. Barua hiyo iandikeni mapema, mkiwa bado mnaongea.

Je, mwenzio wa zamani akigoma kusaini fomu? Usimbembeleze wala usitume wazee tena. Peleka maombi ya kukaza hukumu, yaani kuiomba mahakama ilazimishe hukumu itekelezwe. Mahakama ya Wilaya na zilizo juu yake zina uwezo wa kuagiza hati isainiwe kwa niaba yake. Hapa tafuta wakili. Na vile vishoka vinavyozunguka nje ya ofisi za ardhi vikidai "vinamjua mtu ndani", vipite kama huvioni. Mimi natembea na kaunta buku: tarehe, ofisi, jina la afisa, alichosema. Limenisaidia kuliko kishoka yeyote.

Kama uliweka zuio kwenye hati wakati wa kesi, kaliondoe sasa, la sivyo litakuzuia wewe mwenyewe.

Hatua ya 8: NHIF, NSSF au PSSSF, wosia

Mtoe mwenzi kwenye bima na usasishe wategemezi kwenye mfuko wako. Watumishi wa umma waanzie kwa afisa utumishi, maana kumbukumbu zinapita kwake. Wosia andika mpya, usitegemee talaka ikufutie wa zamani. Kama ule wa zamani uliuhifadhi RITA, peleka mpya huko huko.

Ukihamia nyumba uliyopewa, cheki pia mita ya LUKU iko kwa jina la nani. Kodi ya majengo inakatwa humo unaponunua umeme, na ukikuta kuna malimbikizo, wa kuyalipa ni wewe unayewasha taa.