Kumtafuta babu wa babu Ugogo: mahali kwanza, jina baadaye

Wengi huanza na jina na hukwama mapema. Mtu aliyezaliwa Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza kuwa na jina la utotoni, la ubatizo na la utani, na jina lake la pili likawa la baba yake, si la ukoo. Shika mahali na tukio, jina litafuata.

Hatua ya 1: Wazee. Wahoji mmoja mmoja, kisha wakutanishe wasahihishane. Uliza ukoo na mwiko wake, kijiji alikozaliwa, alikozikwa, na ng'ombe wa mahari walikwenda kwa nani. Swali hili la mwisho usiliache kamwe: mahari ya Kigogo hugawiwa ndugu wa upande wa baba na wa mama, hivyo wagawiwa wenyewe ni orodha ya jamaa. Ukisikia "baba", uliza: ndiye aliyemzaa, au ni baba mkubwa, au baba mdogo?

Hatua ya 2: Miaka. Ikadirie kwa matukio ambayo wazee huyakumbuka. Reli ilifika Dodoma 1910. Njaa ya Mtunya ilipiga kati ya 1917 na 1920. Mradi wa karanga Kongwa ulianza 1947, Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ikafuata 1971. Aliyekuwa akichunga ndama wakati wa Mtunya alikuwa na miaka kama 6 hadi 8, kwa hiyo andika "karibu 1912, kosa miaka 3". Ukiandika 1912 tupu, wajukuu watauchukua kama hati.

Hatua ya 3: Vitabu vya ubatizo. Hapa ndipo penye utajiri. Waanglikana walianza Mpwapwa miaka ya 1870, kwa hiyo familia za huko na Mvumi zianzie kwao. Nenda na barua ya serikali ya kijiji, omba ruhusa ya kupiga picha, na upige ukurasa mzima. Katika vitabu vya Kikatoliki soma pembeni pia: ndoa huongezwa hapo, pamoja na parokia ilikofungwa. Hukuti kitu? Uliza parokia mama, kwani parokia ikigawanywa vitabu vya zamani hubaki kule. Jaribu tahajia nyingine: L na R hubadilishana, na mkono wa Kijerumani uliandika Chilewa kama Tschilewa.

Hatua ya 4: Nyaraka za Taifa. Zinafaa zaidi kama alikuwa jumbe, mwalimu, askari au mwenye kesi barazani. Tafuta kwa wilaya ya wakati ule: Kongwa ilikuwa ndani ya Mpwapwa, Chemba ndani ya Kondoa, Bahi na Chamwino ndani ya Dodoma. Cheti cha kuzaliwa cha kabla ya uhuru usikitegemee.

Ukipata watu wawili wenye jina moja, linganisha jina la mama na wasimamizi wa ubatizo. Visipoamua, chora mstari wa nukta kwenye mti wa ukoo, na kando yake andika nani alisema nini, na lini.