Chanjo, bodi ya shule na nafasi ya mtoto uwanjani: mwongozo kwa wazazi walioko Marekani

Wazazi wengi waliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki hudhani kwamba mtoto akishapokelewa darasani, suala la chanjo limekwisha. Chanjo za kuingilia shule hupangwa na sheria za jimbo, lakini michezo, bendi, kwaya na klabu za baada ya masomo husimamiwa kwa sehemu kubwa na wilaya ya shule, yaani mamlaka ya eneo inayoendesha shule za umma, ambayo bodi yake, mara nyingi ya kuchaguliwa kwa kura, huweza kuziwekea masharti na tarehe za peke yake.

Mfano ulio wazi ni wa Los Angeles. Tarehe 9 Septemba 2021 bodi ya shule za huko iliamua kwamba wanafunzi wenye umri wa miaka 12 na zaidi wachanjwe dhidi ya UVIKO-19. Waliobaki na masomo tu walipewa hadi 19 Desemba kupata dozi ya pili. Wanamichezo na washiriki wa shughuli nyingine za ana kwa ana walitakiwa wawe wameipata ifikapo 31 Oktoba, yaani wiki saba kabla ya wenzao. Huko Fairfax, Virginia, sharti la mwaka huohuo liliwahusu wachezaji wa michezo ya majira ya baridi na ya machipuko, kuanzia 8 Novemba. Maamuzi ya namna hii hayana uhakika wa kudumu: Los Angeles iliahirisha sharti la jumla kisha ikaliacha, na bodi ya San Diego, iliyoweka sharti kama hilo, ilishindwa mahakamani, Mahakama ya Rufaa ya California ikithibitisha Novemba 2022 kwamba mamlaka ya kuongeza chanjo kwenye orodha ya lazima ni ya jimbo. Kwa hiyo tangazo la miaka iliyopita, au ujumbe uliosambazwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya, usiutegemee. Uliza ofisi ya michezo ya shule ni sharti lipi linalotumika msimu huu.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinachowakwamisha watoto wetu mara nyingi si kura ya bodi bali ni kadi ya kliniki. Kadi inaweza kuwa imejazwa kikamilifu kwa ratiba ya nyumbani na bado ikaonekana pungufu Marekani. Dozi ya surua na rubella inayotolewa katika miezi 9 haihesabiwi, kwa sababu Marekani hutambua dozi zilizotolewa kuanzia mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Tena chanjo hiyo haina kinga ya matumbwitumbwi, ambayo majimbo karibu yote huidai. Pentavalenti (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja) ya wiki ya 6, 10 na 14 inayo kinga ya homa ya ini B, lakini dozi ya mwisho ya ugonjwa huo hutakiwa itolewe mtoto akiwa ametimiza angalau wiki 24, hivyo atahitaji nyingine. Matone ya polio yaliyotolewa tangu 1 Aprili 2016 hayahesabiwi pia, ila sindano ya polio huhesabiwa. Chanjo ya tetekuwanga haimo kabisa katika ratiba ya kawaida ya Tanzania wala ya Kenya.

Kuna jambo dogo linaloleta usumbufu mkubwa: Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Kadi inayosema 03/04/2019, kwa maana ya tarehe 3 Aprili, itasomwa kuwa 4 Machi, na dozi halali inaweza kukataliwa kwa kuonekana imetolewa mapema mno. Unapotafsiriwa kadi, dai majina ya miezi yaandikwe kwa maneno.

Mpeleke mtoto kliniki miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa kuwa dozi mbili za surua, rubella na matumbwitumbwi huachana kwa siku 28 au zaidi, na zile za tetekuwanga, kwa mtoto aliye chini ya miaka 13, huachana kwa miezi mitatu kwa kawaida. Gharama isikuzuie: mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1994 hutoa chanjo bure kwa walio chini ya miaka 19 wasio na bima au wanaostahili Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Kliniki inaweza kudai ada ya kuchoma sindano, lakini kwa mtoto wa mpango huo haipaswi kumnyima chanjo kwa sababu mzazi hana ada hiyo.

Msamaha wa kutochanjwa kwa sababu za kitabibu upo katika kila jimbo. Ule wa imani hutofautiana: California na New York zimeufuta, Minnesota inaruhusu pingamizi la dhamiri.

Ikiwa bodi inajadili sharti jipya, vikao vyake vya maamuzi huwa wazi kwa umma, na wananchi hupewa muda wa kusema, aghalabu dakika mbili au tatu kila mmoja. California, ajenda ya kikao cha kawaida lazima itangazwe saa 72 kabla. Taarifa muhimu za shule, zikiwemo hizi za masharti ya michezo, mzazi asiyejua Kiingereza vizuri anayo haki ya kuzipata kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili kwa maandishi siku kadhaa kabla, na usikubali mtoto wako apewe kazi hiyo.